Alhamisi ya Zulaikha, Fundi wa Kamembe

Mwaka umetimia, Zulaikha, tangu asubuhi ile ya Agosti ulipotuachia cherehani ikiwa na uzi mweusi kwenye sindano. Latifu, mwanao, alitaka kuifunika kwa shuka. Ridhwani, mumeo, akamkataza. "Acha ivyo," alisema. "Machine haikukufa." Tukauacha uzi palepale mpaka siku ya arobaini, alipokuja mtoto wa jirani na sare iliyochanika, ikabidi mtu akae.

Uliyekuwa ukikalia kile kigoda ulikuwa fundi, na hukutaka kuitwa kingine. Ulishona sare za shule, kanzu za Idi, magauni ya harusi za Wakristo na mifuko ya sokoni, na hapakuwa na nguo iliyotoka chumbani mwako kabla hujaigeuza ndani nje. "Inje inadanganya," ulisema. "Angalia mushono." Mgeni aliyeingia na suti ya Kigali ulimkunjulia kola shingoni mwake ukaangalia upande wa ndani, naye bado anasalimia. Wengine walikasirika. Wengi wao walirudi wiki iliyofuata kushonewa upya.

Tunakumbuka pini zako. Ulizishika mdomoni, sita au saba, kutwa nzima. Aliyekuuliza jambo la maana, uliweka kazi chini, ukazitoa moja moja, ukazichoma kwenye kijimto ulichofunga kifundoni mwa mkono, ndipo ukamjibu. Aliyekuletea upuuzi ulimjibu pini zikiwa mahali pake. Mtaa wote uliijua sheria hiyo. Mtu alipotoka kwako na malalamiko, aliulizwa jambo moja tu mlangoni.

"Alitoa pini?"

"Apana."

"Basi ulishajibiwa."

Baba yako alikutoa shule darasa la nne ili kaka yako aendelee. Kaka akafika la tano, akaacha. Ulilisimulia hilo bila uchungu, kama fundi anayeonyesha kitambaa kizuri kilichokatwa vibaya na mtu mwingine. Kusoma ulijimalizia mwenyewe, kwa vipande vya magazeti vilivyofungiwa mandazi. Kifaransa ulikipata kwa Épiphanie, rafiki yako aliyekulia Bukavu, upande wa Kongo, akarudi Rwanda na sanduku la majarida ya mitindo. Miaka miwili mlisoma pamoja maelezo ya kukata mikono ya blauzi, yeye akipiga pasi, wewe ukisoma kwa sauti, mpaka ikawa hakuna barua ya ofisi iliyokushinda. Hukujisifu nacho. Watu wengi waliozungumza Kifaransa mbele yako walidhani wamejificha.

Darasa lilianza kwa sababu ya Benitha. Yeye ni mwanamke wa Bugarama, anapepeta mchele kwenye kinu cha kukobolea. Miaka kumi na miwili iliyopita alipanda Kamembe na karatasi aliyotakiwa kuitia dole gumba, akakuomba umsomee. Ulitoa pini zote.

"Leo nakusomea," ulimwambia. "Siku ya ine ingine utasoma weye."

Siku ya ine, ya nne tangu Jumatatu, yaani Alhamisi. Hukuichagua kwa bahati. Alhamisi lori la kinu hupandisha mchele mjini asubuhi na kuteremka jioni, na dereva huwabeba wanawake juu ya magunia bila maneno. Alhamisi pia wanaovusha nyanya kwenda Bukavu hurudi mapema. Uliuliza kila mmoja saa zake, ukaandika, ukatafuta siku ambayo wote wangeweza kukaa. Ilikuwa hiyo moja.

Na jinsi ulivyofundisha, hakuna aliyewahi kuiona mahali pengine. Ulikata herufi kutoka mifuko ya simenti, kama unavyokata vipimo vya nguo. Mwanafunzi aliiweka herufi juu ya kitambaa chakavu, akaizungushia chaki, akaikata, akaishona. Herufi moja ilimchukua alasiri nzima. Hukuona haraka iko wapi. Aliyeweza kuliandika jina lake lote alilishona ndani ya pindo la gauni lake bora, upande ambao mpita njia hauoni. Benitha aliuliza kwa nini lisikae kifuani, watu wakasoma.

"Ya inje ni ya batu," ulimjibu. "Ya ndani ni yako."

Ridhwani anaomba aandikwe hapa pia. Mwanzoni alisimama mlangoni akauliza, bamama wakisoma, nani atapika bugali? Ulimjibu na pini mdomoni, "Mwenye njaa." Leo anapika, na anapika vizuri kuliko Latifu.

Miaka ilipofika kumi, wanawake ishirini na watatu walikuwa na majina ndani ya mapindo yao. Ndipo ukaja mradi.

Hatuutaji jina, kwa kuwa una mabango ya kutosha. Mradi ulikuja kuwapa sauti wanawake wasio na sauti. Hatusemi ulikuwa na watu wabaya. Tunataja walichofanya, kwa mpangilio wake, kama ulivyotufundisha: kipimo kwanza, mkasi baadaye.

Walikuta chumba, mwalimu na wanafunzi ishirini na watatu wanaosoma. Wakaandika katika ripoti kwamba wamefikia wanawake ishirini na watatu wasiojua kusoma. Walileta kamera mbili. Viti vililetwa siku ya wageni, vikaondoka na wageni, na Alhamisi iliyofuata mkakaa kwenye mikeka kama kawaida.

Madamu Clarisse, mkufunzi wao kutoka Kigali, alikuuliza kama una cheti cha kufundisha watu wazima. Huna. Basi akawa mwalimu yeye, nawe ukaandikwa mshiriki. Baada ya miezi mitatu ukapewa cheti cha kuhudhuria darasa ulilolianzisha. Kilikuwa cha karatasi ngumu, nzuri sana. Ulikikata kikawa kipimo cha kola ya shati la mvulana wa miaka kumi. Tunakitumia mpaka leo, na hatuna lawama kwa karatasi yenyewe.

Siku nyingine Madamu Clarisse alikaa karibu nawe akakuuliza kwa upole, "Maman Zulaikha, wewe unajiona mtetezi wa haki za wanawake? Féministe?"

"Iko kazi gani hiyo?"

Akakueleza. Alieleza muda mrefu, na alieleza vizuri, hatumnyimi hilo. Ulishona pindo lote la gauni huku ukimsikiliza. Alipomaliza ulikata uzi kwa meno.

"Aa," ulisema. "Hiyo mi nafanyaka siku ya ine."

Wiki hiyohiyo akahamisha darasa kwenda Jumanne. Jumanne ndiyo siku aliyokuwa akifika kwa ndege, na Jumatano asubuhi akiondoka. Mlimweleza habari ya lori. Aliandika kwenye daftari, akapigia mstari. Jumanne ya kwanza walikuja wanawake tisa. Mwezi wa pili walikuwa wanne, wote wa hapa mjini. Katika ripoti walibaki ishirini na watatu.

Sasa tufike kwa binti yako Ikirezi, maana tangazo hili, zaidi ya yote, ni lake.

Ulimsomesha kwa sindano mpaka chuo kikuu cha Huye. Huko alisoma mambo ya jinsia, akaandika tasnifu juu ya ukimya wa wanawake wa pembezoni, akapata alama za juu. Likizo moja alikuja na kinasa sauti akawahoji wanawake kumi, nawe ukiwemo. Katika tasnifu wewe ni Mhojiwa wa Saba. Imeandikwa kuwa Mhojiwa wa Saba "alikaa kimya kwa muda mrefu na alijibu kwa maneno machache, dalili ya kutozoea kuulizwa maoni yake." Ikirezi alikulia chini ya meza ile ya kukatia. Alizijua pini kabla hajajua kutembea. Lakini chuoni walimfundisha kuwa ukimya una maana nyingi, naye akachagua moja iliyokuwa kitabuni.

Mradi ulimpa kazi ya kutafsiri, mkataba wa miezi sita, unaofanywa upya kila ukiisha. Alifurahi, nawe ulifurahi naye. Ulimshonea sketi ya kwendea kazini.

Tarehe nane Machi, Siku ya Wanawake, lilisimamishwa hema uwanjani. Mkuu wa mradi hapa wilayani Rusizi, Bwana Donatien, alizungumza dakika arobaini juu ya umuhimu wa kuwaacha wanawake wazungumze. Wageni wa ng'ambo walikaa safu ya mbele. Washiriki waligawiwa fulana za zambarau zenye maandishi kifuani. Ya kwako uliigeuza palepale jukwaani, ukaangalia mshono wa bega, ukairudisha mikononi mwa aliyekupa, bila neno. Baadhi ya watu walicheka. Ikirezi, aliyekuwa ameivaa ya kwake, hakucheka.

Ukapewa dakika mbili. Hukuwa na pini siku hiyo. Ulishika kipaza sauti kama unavyoshika pasi yenye moto, mbali kidogo na mwili, ukasema kwa Kiswahili cha nyumbani. Tunayaandika yote, kwa sababu hayajawahi kuandikwa.

"Mi naitwa Zulaikha, niko fundi ya manguo. Bale banamuke makumi mbili na tatu munasema mulifundisha, ni mi nilifundisha. Yenye nyinyi mulibafundisha ni kupotea njia. Mulihamisha siku, lori ikabaacha, sasa banabaki bane. Siombi viti, siombi fulana. Murudishe siku ya ine. Kama hamuwezi, mutoke."

Safu ya mbele iligeuka kumtazama Ikirezi, wapate kujua umesema nini.

Ikirezi ametueleza kilichompita kichwani. Alimwona Bwana Donatien akitabasamu kwa meno tu. Aliona sura za wageni zikisubiri. Aliwaza mkataba wake, kweli, lakini hilo lilikuja la tatu. La kwanza aliwaza kuwa watakucheka. La pili aliwaza kuwa anakulinda. Watoto wa hapa mpakani tumekua tukitafsiri: kwa afande, kwa daktari, kwa mteja kutoka ng'ambo ya mto. Tunajifunza mapema kuondoa mwiba kwenye neno kabla ya kulipitisha. Tunaita adabu. Ikirezi akafanya adabu. Akasema kwa Kifaransa, sauti yake nzuri ikijaza hema:

"Mama anawashukuru. Anasema: kabla ya mradi huu nilikuwa bubu, leo nina sauti."

Makofi yakalia. Mgeni mmoja alifuta machozi. Nawe ulisimama katikati, ukiwa umeelewa kila neno, na safu ya pili Épiphanie alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kama mtu aliye garini kwenye mteremko.

Ikirezi alikuja nyumbani amejiandaa kugombezwa. Alikuwa na majibu yake tayari. Alikukuta umekaa kwenye cherehani.

"Mama, ulisikia bale bageni?" alisema. "Balifurahi sana."

Hukunyanyua uso. Ulichukua pini kutoka kwenye kijimto, ukazitia mdomoni moja baada ya nyingine, zote saba, huku akikutazama. Kisha ukamuuliza, kupitia pini, "Ulikula?"

Hukuzungumza naye tena bila pini miezi mitano. Ulimsalimia, ulimpa chai, ulimwombea safari njema, pini zikiwa mdomoni. Watu wa nje hawakuona tofauti. Ikirezi aliona kila siku.

Agosti ukaugua, ukalazwa, na hospitali hawakukuruhusu pini. Ikirezi alikaa pembeni ya kitanda usiku na mchana akingoja ujasiri wa kuomba radhi, akijua kwamba sasa ungemjibu kwa mdomo mtupu, na hilo ndilo lililomtisha. Siku ya mwisho ulifungua macho ukamwuliza, "Benitha ni mzima?" Akasema ni mzima. Ukasema, "Bien," yaani vizuri. Hakuomba radhi. Asubuhi ukawa umeondoka.

Basi hayo yangebaki ndani ya nyumba. Lakini mwaka huu mradi ulijenga ukumbi, ukaamua kuuzindua kwa kumbukumbu yako. Uliandaliwa ubao wa mbao, mkubwa kama mlango, wenye picha yako na chini yake maneno kwa rangi ya dhahabu. Walituletea ubao wenyewe chumbani mwako, tuupime na kuushonea kitambaa cha kuufunika mpaka siku ya uzinduzi. Waliona ni heshima kwetu.

Épiphanie alivaa miwani akasoma kwa sauti. "Kabla ya mradi huu nilikuwa bubu, leo nina sauti." Akavua miwani. "Bubu nani? Zulaikha? Ule mwenye aliambia shefu, mukubwa wa soko, aende kwanza anawe mikono?"

"Ni mimi, Maman Épiphanie," Ikirezi alisema.

"Weye nini?"

"Ni mimi nilitunga. Mama hakusema ivyo."

"Najua hakusema. Nilikuwa safu ya pili na masikio yangu yote mbili." Épiphanie alikaa kwenye kigoda. "Na yeye alijua. Ulifikiri ile majarida yote nilikuwa nasomea kuku?"

"Alijua Kifaransa?"

"Miaka yote ulikuwa unamutafsiria barua, alikuwa anakuacha tu, juu weye ulikuwa unaipenda ile kazi."

"Juu ya nini hamukuniambia?"

"Nilitaka. Alinikataza. Alisema, mushono mubaya anafumua mwenye alishona."

Ikirezi aligeukia ukuta. Épiphanie alimwacha alie mpaka akamaliza, halafu akamwambia anawe uso, kazi ipo.

Binti yako alianza kwa njia ya karibu, kama ulivyopenda. Alikwenda ofisini kwa Bwana Donatien akamweleza wazi kuwa maneno ya ubaoni si ya mama yake. Aliyatunga yeye, na anaomba yafutwe.

"Dada Ikirezi," alisema Bwana Donatien, "sentensi ni nzuri sana."

"Hakuisema."

"Lakini angeweza kuisema."

"Alisema ingine. Mi nilikuwepo."

"Ubao umeshapitishwa. Wafadhili wameipenda. Na mama yako, Mungu amrehemu, hawezi kulalamika." Akampa kalamu ya mradi, kwa upole. "Utatutafsiria tena siku hiyo. Hakuna kama wewe."

Hatuongezi kitu juu ya mazungumzo hayo. Yamejitosheleza.

Ikirezi aliteremka Bugarama kwa lori la mchele. Alimtafuta Benitha kinuni, akamwambia kila kitu mbele ya wenzake, pamoja na lile la Mhojiwa wa Saba. Benitha alicheka mpaka akashika nguzo. "Dalili ya kutozoea!" alirudia. "Na pini saba mu mudomo!" Kisha akaacha kucheka akamuuliza anataka nini.

Alhamisi iliyofuata walikuja wote ishirini na watatu. Walitoa mifuko ya simenti, walitoa chaki. Herufi zilikuwa thelathini na sita. Wengine walishona moja, wengine mbili, wengine walisubiri zamu ya kupiga pasi. Wakashona foronya kubwa ya kitambaa cheupe, kama ya mto, wakauvisha ubao, wakaushona mdomo wa foronya kwa uzi wa nyavu, mishono miwili. Juu yake wakatandika kitambaa cha zambarau chenye kamba ya kuvuta, kama mradi ulivyoagiza.

Siku ya uzinduzi Bwana Donatien alihesabu mpaka tatu akavuta. Zambarau ikaanguka. Chini yake hapakuwa na picha yako wala dhahabu. Palikuwa na herufi nyeusi za kushonwa, kila moja na mkono wake, nyingine zimelala kidogo upande:

MURUDISHE SIKU YA INE. KAMA HAMUWEZI, MUTOKE.

Alidhani ni kifuniko cha pili. Akavuta pembe. Akavuta tena.

"Haitoki, Papa Donatien," Benitha alimwambia kutoka nyuma. "Tulishona."

Ikirezi alishika kipaza sauti. Alisema kwa Kiswahili, kisha Kifaransa, kisha Kinyarwanda, asiachie mtu pa kujificha: "Maneno yaliyo chini ya kitambaa hiki niliyatunga mimi, mwaka jana, mama yangu akiwa amesimama pembeni yangu. Hakuwa bubu. Ya kwake ni haya mnayoyaona." Akatafsiri neno kwa neno. "Mutoke" akaitafsiri mara mbili.

Wageni wa safu ya mbele walisikiliza kwa makini sana. Halafu wakapiga makofi. Walisimama kabisa. Mmoja akasema ni jambo lenye nguvu mno, akaomba apigwe picha karibu na foronya. Tumelifikiria hilo wiki tatu sasa, Zulaikha, bila haraka, tukitafuta jina lake la heshima, na hatujalipata. Waliambiwa waondoke, wakashangilia, wakakaa, wakanywa soda.

Tunakuarifu yaliyofuata. Barua imekuja: ombi la kubadilisha siku litaangaliwa robo ijayo ya mwaka. Ubao uko stoo, umevaa foronya yake, na picha yako ndani yake. Ikirezi ameacha mkataba. Hatukungoja robo. Darasa limerudi chumbani mwako kwenye mikeka, Alhamisi, na wameongezeka wawili kutoka Giheke.

Na Alhamisi iliyopita alikuja Bwana Donatien mwenyewe. Alisimama mlangoni kwa kuwa ndani hapakuwa na nafasi. Ikirezi alikuwa kwenye kigoda chako akibana pindo, pini saba mdomoni.

"Dada," alisema, "nahitaji karatasi ndogo tu. Uandike kuwa maneno ya kwenye foronya ni hisia za familia, si kauli ya marehemu. Mistari miwili. Kwa ajili ya ripoti."

Ikirezi alibana pini ya nane.

"Dada, unanisikia?"

"Nakusikia, Papa Donatien," alijibu kupitia pini. Pindo likaendelea.

Chumba kizima kilikuwa kinatazama mdomo wake. Bwana Donatien peke yake hakujua kinachotazamwa. Alisimama akisubiri jibu ambalo alikuwa ameshapewa.

Kwenye mkeka mmoja wa wale wanawake wapya wa Giheke, ambaye alikuwa hajasema neno tangu afike, aliinua kitambaa chake. "Mwalimu," aliuliza, "hii E yangu inaangalia wapi?"

Ikirezi aliweka gauni chini. Akatoa pini ya kwanza akaichoma kwenye kijimto chako. Ya pili. Ya tatu. Benitha alihesabu pamoja naye kimoyomoyo, na Épiphanie akasimamisha pasi. Zilipokwisha zote akamgeukia yule mwanamke.

"Njoo nikuonyeshe," alisema. "Umeuliza vizuri."

Hitima yako itasomwa Alhamisi hii baada ya alasiri, nyumbani Kamembe, kabla lori halijateremka. Kila mwenye jina ndani ya pindo anakaribishwa, na asiye nalo atashonewa. Watu wa mradi wakitaka kuja, waje na viti vyao.

Wanaokuombea na kukutaja ni mumeo Ridhwani. Wanao Latifu na Ikirezi. Rafiki na dada yako Épiphanie, kwa sala za kwao. Benitha, na wanafunzi wenzake ishirini na wanne.

Mwenyezi Mungu akurehemu, Zulaikha. Siku ya ine tunakukumbuka kwa sauti. Siku nyingine sita tunakukumbuka na pini mdomoni, mpaka mwisho wa uzi wetu.